Sensa Imehamia Kwenye Kishikwambi, Ngoswe Bado Tunaye



Kabla hujafungua sehemu ya uchambuzi wa vitabu, nakuomba usome kurasa hizi chache. Hutakuta humu orodha ya dhamira wala jedwali la tamathali za semi. Utakuta swali ambalo mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliniuliza, na jibu ambalo nilichelewa kumpa.

Tulikuwa tunasoma *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Kijana mmoja aliyezoea kukaa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Karani alikuja nyumbani, akauliza, akabonyeza, akaondoka. Hakuna karatasi za kuchoma. Sasa kitabu hiki tunakisoma cha nini?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, maana mkononi nilikuwa nimeshika kishikwambi, kimojawapo cha vile ambavyo walimu tuligawiwa baada ya sensa hiyo hiyo. Kisha nikamjibu haraka ili tuendelee: "Tunakisoma kwa sababu kimo kwenye mtihani."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa jibu baya. Kijana alikuwa ameuliza swali kubwa kuliko alivyodhani: kwa nini baadhi ya kazi za fasihi huendelea kusomwa hata baada ya mambo yaliyomo kupitwa na wakati, na nyingine hufa mara tu vumbi la uchapishaji linapotulia? Swali hili halitoki kila mwaka kwenye mtihani, lakini ukilielewa, kila swali la fasihi litakuwa jepesi zaidi kwako. Ndiyo maana nalijibu hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ninaposema kazi ya kudumu, sina maana ya kitabu cha zamani tu. Umri peke yake hautoshi. Ziko kazi nyingi za zamani ambazo hakuna anayezitafuta. Kazi ya kudumu ni ile inayosomwa, kusikilizwa au kuigizwa kwa hiari na watu ambao mwandishi hakuwajua na hakuwafikiria, muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Nikiwauliza wanafunzi wangu sababu za kazi kudumu, hunipa majibu matatu. Tuyapime moja moja.

Jibu la kwanza ni hili: kazi hudumu kwa sababu ya ujumbe mzuri. Hili ndilo jibu linalopendwa zaidi, na vitabu vya maswali na majibu vimelizoesha. Lakini utazame *Utendi wa Mwana Kupona*. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Humo anamfundisha binti wajibu wake kwa Mungu, kwa watu na hasa kwa mume. Nikiwasomea wanafunzi wangu wa kike mafundisho hayo kuhusu mume, wengi hukunja uso. Wengine hubishana nami kana kwamba mimi ndiye niliyeyatunga. Hawakubaliani na sehemu kubwa ya ujumbe ule, na wana haki ya kutokubaliana.

Sasa fikiri. Kama ujumbe ndio unaoibeba kazi, basi utendi huu ungekufa siku wasomaji walipoacha kuukubali. Haukufa. Zaidi ya miaka 160 imepita na bado unasomwa, unahifadhiwa na unajadiliwa. Kumbe kuna kitu kingine ndani yake. Mimi nakiona hivi: mama ni mgonjwa na hana uhakika kama atapona. Ana binti ambaye bado hajaingia katika maisha ya utu uzima. Hana muda wa kumlea hadi mwisho. Anamwita akae karibu na wino na karatasi, naye anaanza kumpa kila anachokijua, kwa haraka na kwa upendo. Unaweza kukataa kila wasia wake na bado ukaguswa na mama yule, kwa sababu kila mtu aliyewahi kuagana na mzazi anaijua hofu hiyo. Ujumbe ni wa zama zake. Mama na binti wamebaki.

Jibu la pili: kazi hudumu kwa sababu inaakisi jamii ya wakati wake. Hili nalo ni jibu la kawaida, na lina ukweli nusu. Kazi kuakisi wakati wake ni jambo jema, lakini wakati hupita. Kioo kinachoonyesha watu waliokwisha kuondoka kinatufaa nini sisi?

Chukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Mwandishi alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni, na nchi yake ilikuwa chini ya Waingereza. Akabuni nchi iliyo angani, akamweka kizimbani Karama, na akampa waziri Majivuno kazi ya kumshtaki. Katika kujitetea, Karama anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, yaani pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi yao. Wakarudi na maarifa, na malipo yao yakawa kifungo.

Wengi wamesoma humo sura ya utawala wa kikoloni, na wamesoma sawa. Lakini ukoloni uliondoka mwaka 1961. Kama kitabu kilikuwa cha jambo hilo pekee, basi kazi yake iliisha mwaka huo. Badala yake kimeendelea kusomwa na vizazi ambavyo havikumwona gavana hata mmoja. Msomaji wa leo hahitaji kuujua ukoloni ili amwelewe mjumbe aliyerudi na wazo jema akaadhibiwa kwa kulileta. Amemwona kazini, amemwona kwenye kikao cha ukoo, pengine amemwona bwenini. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba Majivuno anafanana na kiongozi mmoja wa wanafunzi pale pale shuleni kwetu. Nilimkataza kutaja jina, lakini sikumwambia kwamba amekosea.

Jambo hilo hilo huvuka hata mipaka ya nchi na lugha. Tamthiliya ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar iliandikwa Uingereza yapata mwaka 1599, ikizungumzia Roma ya kale zaidi ya hapo. Tafsiri yake ya Kiswahili, iliyofanywa na Mwalimu Nyerere, ilichapishwa mwaka 1963, naye akiwa Rais wa Tanganyika. Mkuu wa nchi changa anaketi kutafsiri mchezo unaohusu watu wanaomwua kiongozi wao wakisema wanaiokoa nchi! Roma ilikuwa mbali, lakini swali la kiongozi, rafiki na madaraka lilikuwa mlangoni.

Jibu la tatu hutolewa na wanafunzi wajanja: kazi hudumu kwa sababu wakubwa wameamua idumu. Wizara inachagua vitabu, shule zinanunua, watahiniwa wanasoma, basi. Jibu hili silidharau. Mtaala una nguvu kubwa, na kitabu kikichaguliwa hupata maelfu ya wasomaji ambao kisingewapata vinginevyo.

Lakini ikumbuke *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ilionekana kuwa haina maadili. Kama wakubwa peke yao ndio huamua, ingekuwa imezikwa. Ikaendelea kusomwa, na baadaye ikaingia katika orodha ya vitabu vya shule. Hapo wakubwa waliwafuata wasomaji, hawakuwatangulia. Na mtaala wenyewe hubadilika. Viko vitabu vilivyosomwa na nchi nzima kwa miaka kadhaa, vikaondolewa kwenye orodha, na siku hiyo hiyo vikasahaulika. Kwa hiyo mtaala unaweza kukupa kitabu mkononi. Hauwezi kukifanya ukikumbuke.

Nakubali hata hivyo kwamba kazi haidumu yenyewe, kama jiwe. Lazima iwe na watu wa kuibeba. Tendi za pwani zilinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, na zikasomwa kwa sauti mbele ya watu. Bila wanakili na wasomaji hao tusingekuwa na la kujadili leo. Bila shaka ziko kazi nzuri zilizopotea kwa sababu hazikupata mnakili wala mchapishaji. Kudumu kunahitaji ubora, na kunahitaji pia mtu anayesema, "Hii isipotee."

Basi ni ubora gani huo? Nitakueleza maoni yangu, nawe uyapime kama tulivyoyapima hayo matatu. Mimi naamini kwamba kazi ya kudumu ni ile ambayo ukimaliza kuifupisha, bado kuna kitu muhimu kimebaki nje ya muhtasari. Kazi inayoisha yote ndani ya muhtasari wake haina sababu ya kusomwa mara ya pili.

Turudi kwa Ngoswe. Muhtasari wa madesa unasema hivi: mtumishi wa serikali anapelekwa kijijini kuhesabu watu, anaingia katika mapenzi na Mazoea, binti wa mwenyeji wake Mzee Mitomingi, kazi inaharibika. Dhamira: uzembe kazini. Ukitaka kumwambia mtumishi asiwe mzembe, sentensi moja inatosha. Unaweza kuiandika kwenye bango na kuibandika ukutani ofisini. Kwa nini Semzaba alihitaji tamthiliya nzima?

Siku mbili baada ya swali la yule kijana nilirudi darasani nikauliza: "Nani alaumiwe?" Wasichana wengi walimlaumu Ngoswe. Wavulana kadhaa walilaumu mapenzi yenyewe, wakasema hata jina la kitabu limesema hivyo. Mmoja akawajibu kwamba jina la kitabu linasema penzi ni kitovu cha uzembe, lakini huenda uzembe ulikuwapo kabla ya penzi, na penzi lilikuja kuupa sababu tu. Kisha msichana mmoja, ambaye kwa kawaida haongei, akasema jambo ambalo sijalikuta katika madesa yoyote. Alisema kwamba Mzee Mitomingi alipozitia moto karatasi za sensa, alidhani anamlipiza kisasi Ngoswe. Lakini karatasi zile hazikuwa za Ngoswe. Zilikuwa na majina ya majirani zake mwenyewe.

Darasa likanyamaza. Nikaona kwamba tumefika mahali ambapo muhtasari haufiki. Mtu amekosewa kweli, ana haki ya kukasirika, na katika hasira yake anaharibu kitu cha watu wote. Je, hilo limepitwa na wakati kwa sababu ya kishikwambi? Mtumishi aliyebeba dhamana ya umma katika mkoba mmoja na tamaa yake katika moyo ule ule hajaondoka. Mzee aliyefungua nyumba yake kwa mgeni akavunjiwa heshima hajaondoka. Kilichobadilika ni kifaa cha kuhesabia.

*Rosa Mistika* nayo ukiifupisha utapata maneno mawili: malezi mabaya. Lakini riwaya inamwonyesha Zakaria, baba mlevi anayemlinda binti kwa kipigo, na binti anayefika shule ya mbali ambako fimbo ya baba haifiki, akajikuta hana kinga nyingine yoyote. Je, Rosa aliharibiwa na ukali wa baba au na uhuru uliofuata? Mwandishi hatufungii mjadala. Wazazi wanaendelea kuujadili hadi leo, kila binti anapofunga sanduku kwenda shule ya bweni.

Hapa ndipo fani inapoingia, na nakusihi usiichukulie kama pambo la kupatia alama mbili tatu. Fani ndiyo chombo kinachobeba kile kisichoingia katika muhtasari. Utendi una mishororo mifupi, kwa kawaida ya mizani nane, na kina cha mwisho wa ubeti kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Umbo hilo linashikika kichwani, na mtu asiye na kitabu anaweza kulibeba. Nchi ya angani katika *Kusadikika* ilimruhusu mwandishi kusema asichoweza kusema waziwazi, na kwa kuwa haikuwa nchi fulani, imeweza kuwa nchi yoyote. Tamthiliya nayo huwaacha wahusika waseme wenyewe, wala hakuna msimulizi wa kutuambia nani ana haki. Ndiyo maana darasa langu liliweza kugawanyika. Ukiandika "mwandishi ametumia dayalojia" na kuweka nukta, umetaja chombo na kusahau kilichomo.

Sasa niungame. Nilipokuwa kidato cha nne, sikusoma kitabu kimoja cha fasihi mwanzo hadi mwisho. Nilikariri madesa. Dhamira sita, ujumbe sita, wahusika na sifa zao. Nilifaulu, na kwa alama nzuri. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwalimu mpya, nilipangiwa kufundisha riwaya ambayo niliifanyia mtihani. Nikaifungua usiku ili niandae somo, nikagundua kwamba siijui. Nilijua kwamba mhusika fulani "ni mvumilivu", lakini sikujua alivumilia nini. Nilikuwa nimepata alama kwa machozi ya mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Nisingependa yakukute.

Utasema muda hautoshi, masomo ni mengi. Najua. Lakini *Ngoswe* si kitabu kinene. Jioni mbili za Jumamosi na Jumapili zinakitosha, na mkigawana wahusika watatu au wanne mkasoma kwa sauti, hamtakisahau. Kisha fanya hivi.

Kwanza, kwa kila hoja unayokusudia kuiandika, beba tukio moja: nani alimfanyia nani nini, na nani alipoteza nini. Msahihishaji anasoma mamia ya karatasi zenye sentensi zinazofanana. Tukio lililoelezwa sawasawa humwonyesha kwamba umekisoma kitabu.

Pili, andika muhtasari wa kitabu kwa sentensi tatu, halafu jiulize: "Nimeacha nini?" Jibu la swali hilo mara nyingi ndilo hoja yako bora.

Tatu, usiogope kutokubaliana na mwandishi. Swali likikutaka ujadili, toa msimamo na uutetee kwa ushahidi kutoka kitabuni. Kazi ya kudumu inavumilia kubishiwa. Utendi wa Mwana Kupona umebishiwa na umesimama.

Je, madesa yatupwe? Hapana. Hata kitabu hiki ulichonacho ni cha kukusaidia kupanga mawazo, nami nimeshiriki kukiandika. Lakini kitumie baada ya kusoma kazi yenyewe, kama mtu anavyotumia ramani ya mji aliokwisha kuutembelea.

Yule kijana wa dawati la nyuma alimaliza shule. Kabla ya mtihani nilimrudia na jibu langu. Nilimwambia kwamba kitabu kile tunakisoma kwa sababu siku moja atapewa dhamana ya watu, iwe kwa karatasi, kwa kishikwambi au kwa kifaa ambacho hakijabuniwa, na siku hiyo hiyo moyo wake utataka kitu kingine. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama jibu hilo litakubaliwa kwenye mtihani. Nikamwambia litakubaliwa, akilitolea mfano kutoka kitabuni.

Jipime

1. "Ujumbe wa kazi ya fasihi unaweza kupitwa na wakati, lakini kazi yenyewe ikadumu." Jadili kauli hii kwa kutumia hoja tatu kutoka kila kitabu, kati ya vitabu viwili ulivyosoma.

2. Chagua tamthiliya moja uliyosoma. Andika muhtasari wake kwa sentensi tatu, kisha eleza katika aya mbili jambo muhimu ambalo muhtasari wako umeliacha.

3. Kwa kutumia mifano, onyesha jinsi fani ilivyosaidia kazi moja ya ushairi au riwaya kukumbukwa na wasomaji wa vizazi tofauti.

4. Nani alaumiwe zaidi katika *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*? Toa msimamo wako na uutetee kwa matukio manne kutoka kitabuni.